Mpango wa Maisha Yangu Uliposomwa Kakiika

Leo nimeaibika mbele ya watu kumi na watatu, mwenye nyumba akiwamo. Ndugu wa kundi hili, nawasimulia mwenyewe mapema, kabla Baba mdogo Yeremia hajawasimulia. Yeye ataongeza mambo.

Nianze na mpango, kwa maana bila mpango pasingekuwa na aibu.

Mwezi uliopita palikuwa na semina Base Camp, makao makuu ya kambi yetu ya wakimbizi, katika ukumbi wa mabati ulio nyuma ya soko. Mkufunzi alituuliza swali moja tu: "Mnautumiaje wakati wenu?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi Rubondo kwa miguu nikihesabu. Nina umri wa miaka hamsini na mitatu. Kumi na mmoja ya mwisho nimeitumia kungoja: kungoja orodha ya kuhamishiwa nchi nyingine ibandikwe, kungoja jina lisomwe, kungoja simu ambayo kila ikilia huwa ni mtu aliyekosea nambari. Sikuwa nimewahi kuiona hesabu hiyo katika maandishi. Niliketi, nikaiandika, nikaitazama, nikageuza karatasi upande wa pili na kuanza kupanga.

(Mnanijua. Nilisoma Kilatini na falsafa Uvira, kisha nikafundisha miaka kumi na tisa. Mtu wa namna yangu akishtuka haombi maji. Anaomba rula.)

Toleo la kwanza la mpango lilikuwa na kurasa tisa. La pili, kurasa sita. La tatu nililichoma. La nne, ambalo ndilo lililoniangamiza, lilitosha kwenye karatasi mbili zilizoandikwa pande zote kwa wino wa buluu. Humo kila jambo lilipewa saa yake: shamba, wanafunzi, wagonjwa, sala, kusoma, hata kukaa bure (dakika kumi na tano, baada ya chakula cha mchana). Kipengele cha saba kilihusu ndoa.

Kuhusu ndoa, wengi wenu mnajua kuwa mimi ni mgane. Debora alifariki katika mwaka wetu wa pili hapa Rubondo, kwa homa ya siku nne. Sikuwaza kuoa tena hadi mwaka huu, nilipopeleka suruali kushonwa mjini Mbarara, upande wa Kakiika, kwa Mama Venansia. Naye ni mjane, na ametoka milima ileile tuliyotoka sisi. Aliniambia suruali itakuwa tayari Ijumaa, saa nane. Ijumaa nikafika saa nane. Ilikuwa tayari. Saa nane kamili! (Wanaume wengine huanza kwa kutazama macho. Mimi nilitazama saa, nikajua nimekwisha.)

Kwa miezi mitano nikawa mteja mwenye suruali nyingi kuliko mahitaji. Hatimaye nikamwuliza. Hakuacha kushona. Alisema:

"Mwalimu, jibu haitokake ku mashini ya kushona. Leta batu kwa kaka yangu, na barua, sawa vile kwetu. Nikiisha kuisikia, nitasema."

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea barua. Niliiandika kwa wiki tatu.

Hapa sina budi kueleza desturi, kwa ajili ya wale ambao si wa kwetu. Barua ya posa huletwa ikiwa imefungwa, juu ya sahani iliyotandikwa kitambaa cheupe. Mkubwa wa upande wa mwanamke huifungua mbele ya wote na kuisoma kwa sauti, neno kwa neno, hadi mwisho. Haruhusiwi kuipitia kwanza. Waliokuja kuposa hawatamki lolote mpaka isomwe yote, maana kuikatiza barua ni kuiondoa posa. Mposaji mwenyewe huinamisha kichwa na kuweka mikono magotini. Mwanamke hukaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, akisikiliza. Haya yote wazee wetu waliyavusha mpaka bila kuyapunguza, ingawa mizigo mingine waliiacha njiani.

Asubuhi hii tuliondoka Rubondo saa mbili, kwa gari la muumini mmoja wa kanisani kwetu. Tulimchukua Baba mdogo Yeremia Base Camp, anakouza maharage. Yeye ni shemasi na ndiye msemaji wetu. Alipanda akiwa na koti la harusi yake mwenyewe.

"Mwalimu, weye leo ni kufunga kinywa tu. Umesikia? Hata kama nyoka inapita, ni kufunga kinywa."

"Nimesikia, Baba."

"Mutu ya masomo mingi njo anaharibishaka posa. Anataka kusahihisha."

Nilikuwa na karatasi mbili mbili mfukoni mwa koti: barua na mpango. Mpango huwa natembea nao. Zote zilikuwa nyeupe, za wino mmoja, zimekunjwa mara tatu jinsi tulivyofundishwa shuleni. Bahasha ilikuwa moja.

Kabla ya kufika Mbarara, ng'ombe wa pembe ndefu walijaa barabarani. Gari likasimama. Sasa, mpango wangu unasema hivi katika kipengele cha tatu: "Muda wa kungoja njiani utumike kusoma au kusahihisha." Nikautii. Nikaitoa barua, nikaisoma, na katika aya ya tatu nikaona mkato uliotenga kiima na kiarifu. Wiki tatu nimeusoma nisiuone! Nikatoa wembe ninaoutumia kukwangulia wino. Nikaweka mpango chini ya barua kama ubao, nikaanza kukwangua taratibu. Ng'ombe wa mwisho akapita. Dereva akaondoa gari ghafla. Karatasi zikaniangukia miguuni. Nikaziokota, nikazipanga, nikazikunja, nikatia mbili katika bahasha, nikailamba na kuibandika.

(Wenye akili kati yenu mmekwisha kuelewa. Mimi nilielewa dakika arobaini baadaye.)

Kakiika tulipokewa vizuri. Sebule ya kaka yake Venansia, Mzee Lukas, muuza vitunguu, ilikuwa imepangwa viti vya plastiki pande mbili. Kwao walikuwa kumi, pamoja na kina mama waliokuwa chumba cha ndani na Venansia. Kwenye kiti cha heshima aliketi mwenye nyumba wao, Mzee Mugisha, Mnyankore mrefu, mwenyeji wa huko, aliyeshika kofia yake. Alikuwa amealikwa kwa heshima. Kwa kuwa Kiswahili chake ni cha kununulia na kuuzia, Mzee Lukas aliahidi kumtafsiria kila sentensi.

Baba mdogo akasema maneno yake, mazuri kabisa, kisha akaikabidhi sahani. Nikainamisha kichwa. Nikaweka mikono magotini. Mzee Lukas akavaa miwani.

"Bandugu, tunaanza. Mutu asikohoe."

Akapasua bahasha. Akakunjua. Akasoma kwa sauti ya kwaya:

"*Mpango wa Maisha Yangu. Toleo la nne, lililorekebishwa.*"

Mikono yangu ilikuwa magotini na ikabaki huko. Nilimtazama Baba mdogo kwa pembe ya jicho. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani ndivyo wasomi wanavyoanza barua.

Mzee Lukas alitafsiri kichwa cha habari. Mzee Mugisha akainua nyusi.

"Toleo ya nne? Huyu mutu alijipanga kabisa!"

Lukas akaendelea. "*Dibaji. Nimeishi miaka hamsini na mitatu. Kati ya hiyo, kumi na mmoja nimeitumia kungoja. Sitaki kufa nikiwa bado kwenye foleni.*"

Mama mmoja nyuma ya pazia alisema, "Yesu." Baba mdogo alifuta jicho. Na mimi, nawaambia ukweli, nilipata tumaini. Nilianza kukumbuka vipengele kimoja kimoja, nikitafuta kama upo uwezekano wa kufika mwisho salama. Cha kwanza, kuamka. Salama. Cha pili, shamba na shule. Salama. Cha tatu, safari. Salama. Cha nne...

Cha nne kilihusu salamu.

"*Salamu njiani,*" alisoma Lukas. "*Kila mtu, dakika mbili. Wazee, dakika nne. Baba mdogo Yeremia: kumkwepa siku zote za kazi, kwa kupita nyuma ya kisima, kwa sababu hadithi yake ya ng'ombe waliovuka mto haina mwisho.*"

Sikuthubutu kugeuka. Nilisikia tu kiti cha plastiki kikilia kando yangu. Desturi ilimfunga Baba mdogo mdomo kama ilivyonifunga mimi, lakini haikumfunga pua. Alipumua mara tatu, kama fahali. Lukas, mtu mwaminifu, akatafsiri yote, pamoja na kisima.

"Banange, jamani," alisema Mzee Mugisha, akamtazama Baba mdogo kwa huruma. "Hiyo ng'ombe ilikuwa ngapi?"

Kipengele cha tano kilihusu ibada. "*Mahubiri yakizidi saa moja: kunyambua vitenzi vya Kilatini kimoyomoyo, nikiendelea kuitika Amina.*" Dereva wetu, muumini wa kanisani kwetu, alitoa sauti ndogo. Kila Jumapili yeye hukaa benchi la mbele yangu, na huwa anawasifia watoto wake Amina zangu.

Cha sita kilipita. Sikukisikia. Nilikuwa nikisali cha saba kisifike, na cha saba kikafika.

"*Ndoa,*" alisoma Lukas, na sebule nzima ikajisogeza mbele. "*Kuoa kabla ya mwaka kuisha. Aliyekusudiwa: Venansia. Sifa zake: hutimiza saa, hasemi ovyo, kazi yake haina uzi unaoning'inia. Upungufu: mmoja. Kaka yake...*"

Miwani ikateleza. Alinitazama juu ya miwani, nami nikatazama viatu vyangu. Kisheria angeweza kuacha. Lakini desturi inamtaka msomaji asome neno kwa neno, na yeye ni mtu wa desturi.

"*Kaka yake huongea kama redio ambayo kifungo chake cha kuzimia kimepotea.*"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Lukas aligeuka kwa Mzee Mugisha na, kwa uso mkavu, akajitafsiri mwenyewe kwa Kinyankore, pamoja na kifungo.

Mzee Mugisha alifikiri kidogo. "Lakini Lukas," alisema, "hiyo kweli iko kweli."

Nyuma ya pazia mtu alibanwa na kicheko, akakigeuza kikohozi. Lukas alipaza sauti: "Nilisema mutu asikohoe!" Kisha akasoma kwa kasi, kama anayetaka kumaliza chungu cha dawa: "*Mazungumzo na mke: dakika thelathini kila jioni, isipokuwa Alhamisi, kwa ajili ya kusahihisha madaftari. Shukrani kwa mke: Jumamosi, zikiwa na mifano mahususi.*"

"Mifano!" alisema mama mmoja ndani. "Mimi bwana yangu hajanipa hata moja, miaka makumi mbili!"

Nilidhani nimefika chini kabisa. Nilikuwa nimesahau kipengele cha mwisho. Kwa kweli sikukisahau. Sikutaka kukikumbuka.

"*Cha nane,*" alisoma Lukas. "*Jumapili, saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili na nusu: kumlilia Debora. Kipengele hiki hakihamishiki.*"

Akakitafsiri pia, polepole zaidi kuliko vyote. Mzee Mugisha akaweka kofia yake sakafuni. Baba mdogo Yeremia akaacha kupumua kama fahali. Yeye ndiye aliyemzika Debora, na hakuwa amejua.

Barua (niiite barua) ilikuwa imesomwa yote. Kwa desturi, sasa msemaji wetu alipaswa kusimama na kuomba jibu. Baba mdogo alisimama, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Shemasi Yeremia, ndugu zangu! Kinywa wazi, maneno hakuna! Nilijua kwamba posa imekufa. Miezi mitano, suruali saba, wiki tatu za uandishi, na mwanamke pekee ninayemfahamu anayejua maana ya saa nane, vyote vilikuwa vimekwenda kwa sababu ya mkato.

Ndipo pazia likafunguka. Venansia hakuwa ameitwa. Alitoka na tepe ya kupimia shingoni, akasimama mbele ya kaka yake, akanyoosha mkono.

"Kaka, leta ile karatasi."

"Dada, haujaitwa."

"Nimejiita. Leta."

Akaisoma mwenyewe, akiwa amesimama, pande zote nne. Tulingoja. Kisha akaja mbele yangu. Nikaona viatu vyake tu, maana kichwa changu kilikuwa bado kimeinama.

"Mwalimu, hii ya Jumapili. Unaliaka fasi gani?"

Nilimtazama Baba mdogo. Akaniruhusu kwa mkono.

"Nyuma ya nyumba," nikasema. "Kwenye jiwe, karibu na tangi la maji."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ndani. Nafunga dirisha."

"Nusu saa inatoshaka?"

Mnajua kwamba sijawahi kusema uongo kuhusu ratiba. "Haitoshi," nikasema. "Ni kipengele pekee ninachokipitiliza. Mara nyingine hadi saa mbili. Nimejaribu kukirekebisha katika matoleo yote manne."

Venansia akaanza kukunja tepe kwenye kidole.

"Mimi, bwana yangu alibaki ku njia, kule ku mupaka," alisema mwishowe, na hakuwa akisema na mimi peke yangu. "Sijamupangiaka saa. Anakuyaka wakati yeye anapenda. Niko nashona, naona mashini imesimama, nguo ya mutu imelowana. Batu banasema Venansia hasemi mingi. Nitasema nini?" Akamgeukia kaka yake. "Barua za kuposa nimesikiaka, kaka, tangu niko mutoto. Bote banapenda Mungu, bote banajua kulima. Hakuna moja yenye ilisema mutu analia."

"Lakini alinitukana!" alisema Lukas.

"Alikutukana fasi gani? Mzee Mugisha amesema ni kweli."

"Mimi nilisema," alithibitisha Mzee Mugisha.

Venansia akachukua kalamu kwenye mfuko wa shati la kaka yake. Akaweka mpango wangu juu ya meza, toleo la nne, lisilo na kosa hata moja la tahajia, akaanza kuukata! Mbele ya macho yangu!

"Dakika makumi tatu ya maongezi, hapana. Hiyo ni ya kuongea na polisi. Tutaongea mupaka maneno iishe. Alhamisi, madaftari utaleta mezani, nitakaa karibu, sitakusumbua. Baba Yeremia, hakuna kumukwepa, ni baba yetu. Na hii ya Jumapili..." Kalamu ilisimama. "Hii sitaigusa. Ila ile saa yake ya kumaliza, ninaitoa."

Akaikata "kumi na mbili na nusu". Akaacha nafasi tupu. Kisha akaweka sahihi yake chini, jina zima, akamrudishia kaka kalamu.

"Nimekubali," alisema, akarudi nyuma ya pazia.

Vigelegele vilitoka huko ndani kabla hajaketi. Baba mdogo aliweza kusema tena, na akasema kwa dakika ishirini na tano. Nilimsikiliza zote. Mzee Mugisha aliniomba nimwandikie na yeye mpango, lakini wa mwaka mmoja tu, kwa sababu ya umri. Lukas alinijia mwisho. Alinishika mkono, akaukaza kuliko ilivyohitajika.

"Shemeji," alisema, "redio inatangaza: chakula iko tayari."

Tulipokuwa tukila wali na samaki, Baba mdogo alikumbuka kuuliza: "Sasa ile barua yenyewe iko wapi?" Nikaitoa mfukoni. Nikaeleza yaliyotokea, ng'ombe, wembe, yote. Nikajitolea kuisoma, kwa ajili ya ukamilifu wa kumbukumbu. Ina aya saba, na ile ya tano naiona kuwa kitu bora nilichowahi kuandika kwa Kiswahili.

Venansia aliniuliza kutoka upande wa pili wa meza: "Iko muzuri?"

"Sana. Kila mkato sasa uko mahali pake."

"Basi iweke," alisema. "Ongeza samaki."

Nawaandikieni sasa, saa kumi na moja jioni, tumesimama Base Camp ili Baba mdogo ashushe zawadi alizopewa. Mpango wangu sinao. Umebaki Kakiika, umebandikwa ukutani juu ya cherehani, na kila mteja anayekuja kupimwa sketi ataweza kuusoma.

Nawaombeni msicheke. Mtapata kadi za mwaliko wa harusi karibuni, na msishangae mwandiko, maana Venansia amesema kuandika na kufunga bahasha si kazi yangu tena.